Upawa wa Khageswar

Jumatatu, 8 Januari
Miezi saba na siku kumi na moja tangu niondoke kwetu Samastipur. Bado nabeba matofali hapa mjini Surat. Kuta zimefika ghorofa ya sita, zege liko mbele. Mgongo umekwisha.

Wakati huohuo Khageswar, mpishi wetu, mtu wa jimbo la Odisha, kaketi kivulini anakata boga. Eti nayo ni kazi. Dali yake si mchuzi wa mbaazi, ni bustani iliyofurika: boga, papai bichi, bilinganya, na mbaazi zinaelea humo kama watu waliopoteana sokoni. Mimi mboga zote nazichagua na kuziweka pembeni ya sahani. Kisha nashushia vikombe viwili vya chai nzito kuondoa ladha.

Leo kaja nesi, maana wiki iliyopita watu wawili walizirai ngazini. Alisema hatuna damu. Alisema dali ina protini na madini ya chuma, tuile na wali, tukamulie ndimu, tusinywe chai juu yake. Jumamosi atarudi kutupima. Ndimu! Mtu kasoma miaka yote hiyo, aje kutuambia ndimu. Lakini nilimwona kontrakta wetu, Ghelabhai, anasikiliza mdomo wazi. Hapo akili yangu ikaamka. Nautaka ule upawa. Nakitaka kile kivuli.

Jumanne, 9 Januari
Nimemwambia Ghelabhai kwamba boga linaua nguvu ya dali. Akauliza nimeyajulia wapi. Nikasema darasa la sita, kulikuwa na sura nzima ya lishe. Ni kweli ilikuwapo. Wiki ile mimi nilikuwa mtoni navua samaki.

Wakati wa kula nikawafundisha wenzangu. Mbaazi kwa mikono, choroko kwa tumbo, adesi kwa damu, dengu kwa miguu, choroko nyeusi kwa mgongo. Niliyabuni ngazini na tofali kichwani, lakini yamekaa vizuri. Mzee Baleshwar, fundi mwashi, akaniuliza:

"Na ya kufunga mdomo ni ipi, mwanangu? Nikuchotee."

Wakacheka wote. Wacheke. Watakuja kunishukuru.

Jumatano, 10 Januari
Ghelabhai kakubali! Kesho mchana napika mimi, watu arobaini. Sufuria ikiisha, upawa ni wangu mpaka sikukuu ya Holi, mwezi Machi. Ikibaki, nahamia ghorofa ya tisa wanakoanza kumwaga zege, na hataki kusikia habari za mgongo.

Khageswar hakukasirika, na hilo limenikera. Alinishauri niloweke dengu na choroko nyeusi tangu leo, na adesi niipike peke yake kwa kuwa huiva upesi. Mshindani akupe siri yake bure? Ananiona mtoto. Sikuloweka hata punje.

Alhamisi, 11 Januari
Nilitia aina zote tano kwenye sufuria kubwa ya presha, nikangoja miluzi ya mvuke. Kwetu hakuna mama anayepika dali kwa saa; anahesabu miluzi, basi. Kwa mchanganyiko wangu nilikadiria kumi na miwili. Nikalala kivulini, macho nimefumba, nahesabu. Raha gani hii! Ulipolia wa kumi na mbili nikazima moto. Kumbe nyuma ya mabati mke wa mlinzi naye kabandika viazi kwenye presha yake. Miluzi saba ilikuwa ya viazi. Mwanamke yule hana adabu.

Nikakaanga mvuje na pilipili kwenye mafuta ya moto nimwagie juu. Vikaungua kidogo. Vikaungua sana. Adesi uji, dengu changarawe. Mzee Baleshwar alitoa punje moja mdomoni, akaigonga kwenye sahani, ikalia.

"Ghelabhai," akaita, "kokoto hizi ni za zege au za kwetu?"

Nikawaeleza kwamba lishe hukaa kwenye ugumu. Hakuna aliyepita tonge la pili. Wakarudi kazini na njaa zao.

Khageswar akairudisha sufuria motoni. Akaongeza maji, akachemsha muda mrefu, akatupia boga lake na papai lake. Saa kumi jioni walikuwa wanaikwangua. Nikamkimbilia Ghelabhai: sufuria imeisha, nipe upawa! Akanyoosha kidole juu.

Ijumaa, 12 Januari
Ghorofa ya tisa. Safari ya ishirini macho yakaingia giza, nikaketi ngazini. Ni hasira tu.

Jumamosi, 13 Januari
Nesi kapima. Damu yangu ndiyo ya chini kuliko ya watu wote hapa. Akaisoma kwa sauti, mbele ya kila mtu. Akaniuliza nakula nini. Nikasema dali, kila siku. Khageswar akaeleza, kwa ule upole wake wa kuudhi, kwamba mboga nazitupa, ndimu siigusi, na chai naishushia juu kabla sijanawa mikono. Nesi akaamuru nisibebe hata tofali moja mwezi mzima. Mabakuli mawili kwa siku ya dali ya Khageswar, pamoja na boga, pamoja na ndimu, na Khageswar mwenyewe asimamie. Ghelabhai, kwa kuogopa mtu wa tatu asije akaanguka, kaniweka jikoni nikate mboga kwa nusu ujira.

Khageswar akanisogezea bakuli.

"Kula, kaka. Ukifa hapa, watasema ni dali yangu."

Mzee Baleshwar alicheka mpaka akashika ukuta alioujenga mwenyewe.

Hawaelewi. Jikoni! Kivulini! Nilichoshindwa kukipata kwa kupika nimepewa kwa amri ya nesi. Kilichobaki ni kumng'oa Khageswar, na mwezi mmoja unatosha. Kosa la Alhamisi nimeshaliona: aina tano zilikuwa chache. Jumatatu naanza na saba. Boga la leo nimempa mbwa wa mlinzi mpishi alipogeuka, na chai nimekunywa vikombe vitatu, niwe macho kwa kupanga.

Nilitaka kurudi nyumbani kwa Holi. Haiwezekani tena. Nitarudi wiki moja baada ya Holi, maana mpishi mkuu haachi jiko siku ya sikukuu.