Malalamiko Kuhusu Risasi Iliyo Pajani Mwangu

Mwinyimadi Seifu,
Marui,
Kisarawe.

Ndugu Mhariri,

Natumaini barua hii inakukuta mzima wa afya, wewe na wote unaofanya nao kazi hapo gazetini. Mimi ni msomaji wako wa siku nyingi. Gazeti lako hunifikia huku Marui limechelewa, mara nyingine likiwa limefungia maandazi, lakini nalisoma lote mpaka matangazo ya viwanja.

Nimeshika kalamu kwa sababu ya risasi. Mimi ninayo moja. Iko kwenye paja langu la kushoto tangu vita vya Kagera. Ninyi mnaitaja karibu kila siku, na kwa jinsi ninavyowasoma, hakuna hata mmoja wenu aliye nayo.

Kabla sijaenda mbali, naomba ujue kwamba risasi yenyewe si yangu. Ni ya rafiki yangu Silvanus, kijana wa Kibaha, ambaye tulikuwa bega kwa bega kwenye handaki moja ng'ambo ya mto. Ilimpitia yeye kwanza, ikaishia kwangu. Yeye hakuinuka. Mimi nilishonwa, nikaambiwa kilichobaki ndani kiachwe huko huko, maana kukitafuta kungeniharibia mguu.

Mjane wake, shemeji Imakulata, bado yupo Kibaha, nyuma ya kituo cha basi cha Kwa Mathias. Krismasi mimi huenda kwake, na Idi yeye huja kwetu. Akishamaliza kuuliza habari za nyumbani, hulitazama paja langu na kusema, "Na mwenzio hajambo?" Namjibu hajambo. Nilimwahidi kwamba siku yangu ikifika, kabla sijazikwa, kitu hicho kitatolewa apewe yeye, kwa sababu hakuletewa kitu kingine chochote cha mumewe. Shehe anajua, na mke wangu Mboni anajua. Sasa nawe unajua kwa nini gazeti lako linaninyima raha.

Malalamiko yangu ni haya yafuatayo:

1. Kurasa za michezo. Mliandika kwamba mshambuliaji fulani "alifyatua risasi tatu, kipa akalala". Mboni akaanza kumwombea kipa marehemu. Kumbe ukurasa wa pili kipa huyo huyo anahojiwa, anasema yuko fiti kwa mechi ya Jumamosi. Ndugu Mhariri, kama mtu anapigwa risasi tatu na Jumamosi anacheza, mimi niliyepigwa moja na bado nachechemea nitaonekanaje? Hapa kijijini wameanza kusema nadeka.

2. Siasa. Mgombea mmoja alihutubia pale Kwa Mathias, nanyi mkaandika kwa herufi kubwa kwamba "kura ni risasi". Nimezishika zote mbili, na nakuhakikishia hazifanani. Risasi ikishatoka, hufika inakokwenda. Kuhusu kura sitaki kusema zaidi.

Mgombea huyo alisema pia kwamba yuko tayari kupokea risasi kwa ajili yetu wananchi. Nilifurahi sana. Nilimwandikia kumwomba aje apokee hii, hata kwa msimu mmoja tu wa kilimo, nami nipumzike. Mpaka leo hajajibu, ingawa naona kwenye gazeti lako kwamba bado yuko tayari.

3. Mapenzi. Kuna wimbo ambao ukurasa wako wa burudani umeusifu, kijana anamwambia binti kwamba macho yake ni risasi, anaomba apigwe tena. Nimelala wodini na majeruhi wengi. Waliomba maji, waliomba mama zao, wengine waliomba sigara. Sikumsikia aliyeomba kupigwa tena. Kwenye harusi ya binti yangu Firdausi, mshereheshaji naye akatangaza kwamba bibi harusi amempiga bwana harusi risasi ya moyo. Nilisimama kupinga. Wakadhani nakwenda kutunza, wakanipigia vigelegele, ikabidi nicheze kidogo ndipo nikae.

4. Fasihi. Hili liliniuma kuliko yote yaliyotangulia. Gazeti lako lilipotoa makala ndefu kuhusu risasi katika mashairi na riwaya, Mwalimu Wilfred wa sekondari aliikata, akawaleta wanafunzi wake kwangu wajifunze kwa vitendo. Tukawakaribisha vizuri kwa mihogo na chai. Binti mmoja, mwenye heshima zake, akaniuliza, "Shikamoo babu. Eti risasi hii inaashiria nini?" Nikamwambia, "Marahaba mjukuu wangu. Inaashiria kwamba nilipigwa." Mwalimu akatabasamu, akawaambia wasiandike hilo, kwa sababu kwenye mtihani halina alama. Wakaandika kwamba inaashiria dhuluma, ukoloni mamboleo na matumaini yaliyovunjika. Wakashukuru, wakaondoka. Jina la Silvanus hawakuliandika popote, na nililitaja tangu wanakaribishwa.

5. Mtani wangu. Haya yote yameifanya risasi ionekane mali, na matokeo yake nimepata mdai. Sebastian ni Mnyamwezi, nasi Wazaramo ni watani zao tangu enzi za mababu. Anafanya kazi kiwandani kule Zegereni. Alisoma ile makala yenu, akapanda gari mpaka Marui, akatangaza mbele ya majirani kwamba kwa haki ya utani risasi hiyo ni urithi wake. Anasema siku ya msiba wangu atalala juu ya jeneza, na hapiti mtu mpaka akabidhiwe. Unazijua mila hizi, akilala kweli hakuna wa kumgusa. Alikuja hata na sumaku ya kiwandani, akaniwekea pajani kuhakiki mali yake. Haikushika kitu. Nilimwambia sumaku za siku hizi hazina nguvu.

Majirani walicheka, na mimi nilicheka, maana utani haukasirikiwi. Lakini alipoondoka nilibaki nalipapasa paja langu. Nikifa na Sebastian akashinda, nitakuwa nimemwambia nini shemeji Imakulata miaka yote hii?

Kwa hiyo naomba kwa heshima zote:

Kwanza, gazeti lako liache kutumia risasi mpaka mwandishi anayehusika afike Marui, alishike paja langu, ndipo arudi aandike. Niko nyumbani kila Alhamisi baada ya alasiri. Washairi waje kwa makundi.

Pili, kwa wasioweza kufika, watumie muhogo. Mshambuliaji afyatue mihogo mitatu, na macho ya binti yawe mihogo. Mgombea akisema yuko tayari kupokea muhogo kwa ajili yetu, angalau tutamwamini.

Tatu, uchapishe tangazo dogo, hata pembeni mwa yale ya viwanja, kwamba risasi iliyo Marui ina mwenyewe na mwenyewe ni Imakulata wa Kibaha, mjane wa Silvanus. Andika majina yote mawili.

Nisalimie wote hapo ofisini, mpiga chapa, mfagiaji, na yule mwandishi wa michezo, ambaye sina kinyongo naye. Msalimie kipa pia. Mboni anakusalimu.

Wako katika kuchechemea,
Mwinyimadi Seifu

N.B. Barua hii ilikuwa bado haijapata mtu wa kuipeleka. Kwa sababu ya maneno ya Sebastian, Firdausi alisema twende hospitali tukapigwe picha, ijulikane mali iko wapi mambo yasije yakawa mengi msibani. Shemeji Imakulata tulikwenda naye.

Daktari aliiweka picha kwenye mwanga. Hakuna risasi, Ndugu Mhariri. Ilipita ikaenda zake siku ile ile. Kilichobaki ni kitu cha duara chenye matundu manne katikati, ambacho ilikikokota kutoka kwa mwenzangu ikaniachia mimi. Shemeji aliitazama ile picha, akasema, "Hicho kifungo cha mfuko wa shati lake. Alipokuja kuaga kilikuwa kinaning'inia, nikamkazia mwenyewe." Ni cha shaba. Ndiyo maana sumaku haikushika.

Nililia mbele ya daktari, na sioni haya kukwambia.

Kwa hiyo sina risasi na sijawahi kuwa nayo. Nayafuta malalamiko yote, la kwanza mpaka la mwisho. Pigeni risasi mnavyopenda, mihogo mtuachie wenyewe. Sebastian amesikia, ameondoa dai lake, na Jumapili alikwenda Kibaha kumsalimia shemeji. Ila kama kuna mshairi wako yeyote anayefikiria kuandika kuhusu kifungo cha shati, nakuomba sana umwambie asubiri kwanza mimi na Imakulata tufe.