Orodha Yenu ya Hospitali Haikupima Hotipoti

Ndugu Mhariri wa Ukurasa wa Afya,

Salaam nyingi kutoka Mtaa wa Sikukuu, Kariakoo, ninakouza vitenge. Shule niliishia darasa la nne, kwa hiyo nikikosea nisahihishe, ila maneno usinipunguzie.

Jumapili mlitoa orodha ya hospitali za jijini zinazofundisha madaktari ubingwa, kuanzia ya kwanza hadi ya sita. Binti yangu, Dokta Sitara, amekubaliwa na ya kwanza na ya sita, na Ijumaa lazima ajibu anakwenda wapi. Gazeti lenu kalibandika kwenye friji. Kila nikifuata maji, hiyo namba moja inanitolea macho. Majina siyataji, nisije nikashtakiwa.

Malalamiko yangu ni haya:

1. Mmepima mashine, maprofesa na wingi wa upasuaji. Huku kwetu kitenge hakinunuliwi kwa kusoma lebo: unakikunjua, unakishika, unakivuta. Basi nikaenda kushika mwenyewe. Nikapika pilau, nikajaza hotipoti, nikazunguka.

2. Namba moja, mlinzi kanizuia getini, eti mgonjwa wangu nani. Nikamwambia sina mgonjwa, nina daktari mtarajiwa. Akasema mama, hapa daktari haletewi chakula. Ndugu Mhariri, mbona hilo hamkuliandika?

3. Hapo hapo namba moja anasomea ubingwa Polycarp, mtoto wa jirani yangu wa duka la sufuria. Krismasi alikuja kula kwao, akasinzia na tonge mkononi. Mama yake anajisifu mwanawe keshashona watu wengi. Na yeye akichanika, atashonwa na nani?

4. Toka dukani kwangu hadi namba sita ni kwa miguu tu, chakula kinafika kinafuka moshi. Namba moja ni kupanda basi la mwendokasi na kubadilisha, pilau inafika imenuna.

5. Namba sita mlinzi kaniamkia shikamoo, kanipokea hotipoti, kaonja. Wodini nikakuta madaktari wanafunzi wamenawiri, wanapiga soga, mmoja anakata kucha. Wagonjwa wachache, mashine ya picha imekufa tangu Ramadhani, hakuna anayemsumbua mwenzake. Kama huo si ubingwa, ni nini?

Kwa hiyo naomba Alhamisi mchapishe orodha upya, ya sita iwe ya kwanza, kwa herufi kubwa. Mimi Sitara hanisikii, gazeti analisikia. Na mwakani kwenye kamati yenu ya kupima muweke mama wawili na mlinzi mmoja.

Msalimie mkeo, mama yako mzazi, na yule kijana wenu anayetabiri mvua isiyonyesha.

Mimi ninayelalamika kwa adabu,
Mama Sitara

Nyongeza: Barua hii kabla sijaituma, presha ilinipanda dukani. Mama Polycarp kaita bajaji, dereva anauliza tunaenda wapi. Namba sita tunaiona pale pale. Mdomo umeshaanza kupinda, nikasema: namba moja! Kanipokea Polycarp, macho mekundu, hajanawiri hata kidogo, lakini mkono wake haukutetemeka. Mdomo umerudi mahali pake, ndiyo maana bado nasema. Orodha iacheni ilivyo. Sitara nimemwambia aje huku huku namba moja. Ila yule mlinzi wa getini mwandikieni kabisa: zinakuja hotipoti mbili.