Theluji ya Abuku

Jumatatu, 2 Februari 2026. Arua.

Kazi nimepata! Mimi, Aliga, ndiye mtengeneza tovuti wa Chama cha Asali cha Koboko. Dany kakosa. Dany ni muuza simu wa Koboko, tena ana tabia mbaya ya kumchekesha Elise. Elise ni binti wa mwenyekiti. Na huyo mwenyekiti, Papa Ambroise, ndiye baba mkwe wangu mtarajiwa, ingawa bado hajaambiwa. Wala Elise.

Papa Ambroise haoni. Simu yake humsomea kwa sauti kila kilicho kwenye skrini. Kasema amechoka kuomba watu wamsomee oda za asali yake mwenyewe. Anataka tovuti ambayo mutu asiye na macho ataitumia sawa na mwenye macho. Akauliza kama naujua ufikivu. Nikajibu naujua tangu utoto. Neno lenyewe nilikuwa nalisikia kwa mara ya kwanza.

Kanipa nauli ya kwenda Abuku kupiga picha za mizinga. Abuku! Kwa nyuki wenyewe! Nilipokuwa mdogo nyuki wa Kuluva walinifukuza mpaka nikaingia hospitali kwa mbio, bila kuandikishwa. Siendi. Picha za mizinga zimejaa mtandaoni.

Jumanne, 3 Februari.

Tovuti tayari. Inapendeza! Rangi ya asali juu ya rangi ya asali. Sasa huo ufikivu. Nimepata wakala wa akili mnemba: unamwambia unachotaka, anafungua tovuti mwenyewe, anabonyeza kila kitu, anaijaribu kama asiyeona, kisha analeta ripoti. Kaleta. Nyekundu tupu! Vitufe havina majina. Maandishi hayasomeki hata kwa mwenye macho. Picha hazina maelezo, kwa hiyo simu ikifika hapo itanyamaza tu.

Hana adabu. Nimemwambia aandike kwamba yote ni sawa. Kakataa, kwa upole unaoudhi, akasema anaweza kurekebisha nikitaka. Nikaandika neno moja: rekebisha. Nikaenda kunywa chai.

Kurudi, kijani! Mia kwa mia! Mwishoni kaniwekea onyo refu, ati nisome maelezo ya picha kabla ya kuyaweka hadharani, maana yeye kaandika anachokiona tu. Nani husoma ripoti ya kijani?

Alhamisi, 5 Februari.

Kamati ya chama imeiona tovuti kwenye simu zao. Wenye macho wote wamezisifu picha. Katibu kasema ametambua mzinga wa shemeji yake. Dany nimemtumia ile mia kwa mia, ili aumie. Kajibu kwa kuuliza Abuku kulikuwaje. Wivu tu.

Uzinduzi ni Jumamosi, sokoni Koboko. Nimependekeza simu ya Papa Ambroise iunganishwe na spika kubwa, watu wote wasikie ufundi wangu. Wazo langu mwenyewe!

Jumamosi, 7 Februari. Koboko.

Jamani. Sijui nianzie wapi.

Mwanzo ulikuwa mtamu. Papa Ambroise kagusa, spika ikasema agiza asali. Kagusa tena, ikasema chupa kubwa. Kaagiza mwenyewe, kwa kidole chake mwenyewe, hakumwomba mtu. Akacheka, akafuta machozi. Makofi! Elise akaniangalia. Mimi! Si Dany!

Hapo ndipo ningefunga mkutano. Lakini mzee akaendelea kugusa, akafika kwenye picha.

Spika ikatangaza, soko zima likasikia: mizinga ya nyuki juu ya theluji, nyuma yake mzungu aliyejikunyata ndani ya koti zito.

Papa Ambroise akauliza theluji hiyo iko Abuku sehemu gani. Nikasema asubuhi Abuku iko baridi kidogo. Mama mmoja muuza muhogo akasema yeye ni mutu wa Abuku, na barafu ameionea ndani ya friji tu. Watu hoi kwa kicheko. Katibu akaanza kutazama viatu vyake.

Mzee kagusa tena. Spika: mwanaume amesimama nyuma ya nyumba, ameshika karai tupu, amefumba macho, hakuna nyuki. Huyo ni mimi, nilijipiga nyumbani! Picha niliiita Mtaalamu Akivuna. Mzee akairudisha isomwe upya. Elise alicheka mpaka akamshika Dany bega asianguke.

Hukumu: tovuti inabaki, maana inafanya kazi. Picha zote zitoke. Papa Ambroise akauliza kama yule wakala anaweza kuajiriwa bila mimi. Nikaona aibu mpaka masikio yakawaka moto. Kisha akanihurumia. Kasema kesho kutwa niende Abuku kweli, nipige picha za kweli, na Elise aende nami kuandika maelezo. Nikikosea tena, kazi ni ya Dany.

Jumapili, 8 Februari. Arua.

Nimekwenda kanisani, nimetubu. Nimebadilika kabisa.

Siku nzima na Elise! Nani kama mimi? Lakini nyuki. Elise akiniona nawakimbia nyuki, nimekwisha. Nimewaza ibada nzima, mpaka mpango ukaja, mzuri kuliko yote. Nimempigia Dany. Nimemwambia nina homa, anisaidie, aende yeye Abuku na Elise. Atavimba uso mbele yake, halafu mimi nitokee jioni, uso safi, na soda baridi. Kakubali kabla sijamaliza kusema! Ati babu yake alifuga nyuki kule Aru, amewazoea. Na aongee. Nyuki wa Congo si nyuki wa Abuku.

Ila safari hii nimekuwa makini. Nimempa wakala mpango wote aupime. Ripoti imerudi, ndefu, nyekundu tupu.

Sikuisoma. Nimeandika neno moja: rekebisha.