Mashine Arobaini za Theluji

Garland Pruitt aliposoma habari ile gazetini, kahawa ilimpalia kwa furaha. Winthrop Sloane, tajiri wa maghala, amejitosa kugombea urais! Si wa mrengo wa kushoto, si wa kulia. Mtu wa katikati, mwenye pesa za kuchezea na wafuasi wa kuhesabu kwa vidole. Jamani, riziki ikikufuata mpaka mezani, utaikimbia? Pruitt alikuwa mshauri wa kampeni, yaani aliwauzia matajiri matumaini, jumla na rejareja.

Wiki hiyohiyo alikuwa mbele ya Sloane, tai shingoni, uso wa mcha Mungu.

"Mheshimiwa Rais," akaanza.

"Bado sijawa."

"Ulimi umetangulia tu, mzee. Nipe mji wa Nordby, kule jimbo la Iowa. Kwenye mchujo wa chama nitakuvusha kizingiti cha asilimia kumi na tano ya wapiga kura, nchi nzima ishtuke."

Sloane naye hakuwa zuzu. Tajiri hatajiriki kwa kulipa kabla. "Nikivuka, utataja bei mwenyewe. Nisipovuka, hata nauli hupati."

Pruitt akaiweka rehani nyumba yake, nayo ndiyo pekee aliyokuwa nayo, akaenda Nordby akipiga mluzi. Washamba wale atawatia mfukoni kabla ya chakula cha mchana.

Akaambiwa ukimpata Bi Marlys Tvedt, mwalimu mstaafu na mkuu wa jiko la kanisa, umepata wapiga kura arobaini. Bibi akampakulia supu ya maharage na nyama, na mkate wa mdalasini pembeni.

"Mama yangu," Pruitt akasema mdomo umejaa, "watu wako wana shida gani?"

"Shida ndogo tu, mwanangu. Viuno vimekufa kwa kupiga koleo. Theluji ya mwaka huu haina adabu."

Keshokutwa yake lori likashusha mashine arobaini za kurusha theluji, nyekundu, zinang'aa. Si hongo, msimwonee bure! Pruitt mwenyewe aliziita majaribio ya bidhaa.

"Na siku ya mchujo, mama?"

Bi Marlys akaweka mkono kifuani. "Tutasimama palepale atakapotuambia Sloane mwenyewe. Neno la mtu wa Nordby."

Sloane akaja, akahutubia kanisani. Mkulima mmoja, Duane Hinrichsen, akanyoosha mkono. "Bei ya mahindi utaifanyaje?"

"Naziona hoja za pande zote."

"Na hospitali yetu iliyofungwa?"

"Wapo wanaotaka ifunguliwe, wapo wasiotaka. Ndugu zangu, msivutwe kushoto, msivutwe kulia. Simameni katikati!"

Makofi yakatikisa madirisha. Pruitt akajifuta chozi, na lilikuwa chozi la kweli: aliiona nyumba yake ikirudi.

Huko Iowa, siku ya mchujo, hakukuwa na sanduku la kura wala siri. Watu walikutana ukumbi wa michezo wa shule, kila mtu akasimama kona ya mgombea wake mbele ya majirani, wakahesabiwa vichwa. Walikuja mia mbili. Pruitt, kwa kuwa ni mgeni, aliketi kwenye viti vya watazamaji. Thelathini wangemtosha, naye anao arobaini. Alikuwa anatabasamu peke yake.

Filimbi ikalia. Kona ya Sloane akaenda mtu mmoja, mzee Lowell, naye aliipenda kwa sababu ilikuwa karibu na kipasha joto. Arobaini wa Bi Marlys wakajipanga ndani ya duara la katikati ya uwanja wa kikapu, na bango lao: HATUJAAMUA. Kanuni zinawaruhusu, wasioamua nao ni kundi.

"Bi Marlys!" Pruitt akapiga kelele. "Kona yenu ile kule!"

"Alituambia tusimame katikati, mwanangu. Si hapa tumesimama?"

"Na mashine zangu?"

"Tumezijaribu, nzuri sana. Seneta mmoja anayegombea naye alituletea matairi ya theluji, mbona hapigi kelele?" Kisha uso wa bibi ukabadilika. "Kila miaka minne mnakuja kutununua, Bwana Pruitt. Hospitali bado imefungwa. Binti wa Duane alijifungulia barabarani. Angalau safari hii barabara itapitika."

Sloane hakuvuka kizingiti. Mzee Lowell akaambiwa achague kona nyingine, akanung'unika kwa ajili ya kipasha joto. Wasioamua wakavuka, wakamchagua Bi Marlys kuwa mjumbe wao kwenye mkutano wa chama.

Nje, gari la Pruitt lilikuwa limefukiwa mpaka madirishani. Duane akasogea na mashine nyekundu, lebo ya duka bado inaning'inia.

"Nikufukulie?"

"Mungu akubariki, kaka!"

"Dola hamsini."

"Hamsini! Mashine nimeinunua mimi! Nyumba yangu imekwenda kwa ajili ya mashine hiyo! Wewe huoni kama ni haki unifukulie bure?"

Duane akaizima mashine. Akatazama kushoto, akatazama kulia, akakuna kidevu kwa heshima zote.

"Naziona hoja za pande zote," akasema.

Pruitt akatoa pochi.