Kapteni Ndani ya Miwa

Jumamosi, 10 Januari

Mazoezi ya kwanza, Kitale. Tuko ishirini na wawili, nusu kutoka Kitale, nusu kutoka Bungoma. Tarehe thelathini na moja tutapanda Mlima Elgon, na wafadhili watatuchangia mashine ya kuwapa joto watoto njiti katika zahanati yetu. Jambo jema. Jambo jema zaidi ni kwamba kikundi kinahitaji kapteni. Kapteni hubeba bendera, hutangulia kileleni, kisha huhojiwa redioni. Niliposikia hivyo nilihisi kuitwa.

Kocha wetu ni Chemutai, mwalimu wa michezo wa Kitale. Binti mdogo, filimbi kubwa, huruma hana. Amesema kapteni atakuwa yule atakayetangulia kumaliza matembezi ya majaribio Jumamosi ijayo. Asiyemaliza kabisa hatapanda mlima. Atabaki langoni kuchemsha chai.

Nina miaka hamsini na tisa. Nilistaafu ofisi ya kilimo nikiwa na magoti yote mawili. Mshindani wangu ni mmoja tu: Mukhwana, mwuza nyama wa Misikhu. Ni rika langu lakini ana miguu ya mbuni. Leo alinipita mara mbili. Mara ya pili alikuwa akipiga mluzi!

Nimemwambia kinyozi kwamba kapteni ni mimi. Afadhali watu waanze kuzoea.

Jumatano, 14 Januari

Chemutai aliagiza kila mtu abebe kilo nane za mahindi mgongoni, ili tuuzoee mzigo. Kilo nane! Niliwaza usiku kucha. Alfajiri nikajaza mkoba wangu magunzi. Ukajaa vizuri. Uzito hakuna. Kwa nje, mkoba wa mwanamume mwenye bidii.

Nikapaa. Naam, nilipaa! Kilomita kumi kuzunguka Misikhu, nami mbele ya wote. Mukhwana alikuwa nyuma yangu akihema. Nilimwuliza kwa upole kama nimsaidie mzigo. Akasema si neno, mkubwa, endelea tu.

Mwishoni Chemutai akatangaza kwamba mahindi yote yatamiminwa katika gunia moja, yawe uji wa watoto wa shule jirani. Watu wakapiga makofi. Mimi pia nilipiga makofi, huku nikirudi nyuma kuelekea chooni. Akaniita. Nikasema zipu ya mkoba wangu imekwama. Mukhwana, ambaye hupenda sana kusaidia watu, akaifungua kwa kidole kimoja.

Magunzi yakamwagika hadi barabarani. Kisha Mukhwana akasema, "Si mzee ametuletea kuni, bana!"

Walicheka hadi wakashikana mabega. Chemutai hakucheka. Jumamosi nitabeba kilo kumi na mbili, naye atazipima mwenyewe.

Alhamisi, 15 Januari

Wazo! Limenijia nikiwa nanyoa ndevu, nikajikata, lakini sikujali.

Mukhwana alioa Matulo. Mama mkwe wake anaishi kando ya barabara kabisa. Na kwetu sisi Wabukusu kila mtu anajua: mwanamume hakutani uso kwa uso na mama mkwe wake. Akimwona, anaiacha njia, anajificha, anangoja hadi mama aondoke. Hata awe na haraka gani. Hata awe na miguu ya mbuni.

Chemutai haijui mila hiyo. Njia za Matulo pia hazijui. Nikampigia simu, nikajitolea kuchora njia ya majaribio. Alinishukuru sana, ati ameona nimejirekebisha.

Nimeichora. Inapita mlangoni pa yule mama.

Ijumaa, 16 Januari

Nimegundua kasoro. Je, mama akiwa shambani? Akiwa jikoni? Sharti awe barabarani, na akae hapo kwa muda mrefu.

Nikaenda kwa Fridah, mwenyekiti wa akina mama wa kanisa la Matulo. Nikamwomba akina mama wajipange barabarani kesho saa tatu watushangilie. Nikasisitiza viti. Mtu aliyesimama huchoka akaenda zake, aliyeketi huketi. Fridah alifurahi mno. Akauliza kama anaweza kualika na makanisa mengine. Nikasema aalike hata Kenya nzima, mradi barabara ijae.

Nasike, mke wangu, ameniuliza kwa nini natabasamu peke yangu. Nimemwambia ni afya.

Jumamosi, 17 Januari

Naandika nikiwa nimelala kifudifudi. Nimekatwa na majani ya miwa hadi masikioni.

Tulianza saa mbili. Mukhwana mbele, mimi wa pili, kilo kumi na mbili zikinikandamiza. Sikujali. Nilitaka tu kuwa karibu nimwone akitoroka.

Matulo ilikuwa imejaa! Akina mama kama arobaini, vitenge, vigelegele, viti pande zote mbili. Mama mkwe wa Mukhwana alikuwa mstari wa mbele. Nikasimama nipate raha yangu.

Mukhwana akamwendea moja kwa moja. Akavua kofia. Akampa mkono! Mama akampapasa shavu, akampa ndizi mbivu, akamwambia akaze mwendo.

Nilimwuliza Fridah kama dunia imekwisha. Akasema kwani sikusikia? Mukhwana alimpelekea mama mkwe kondoo na blanketi mwezi jana, wazee wakakaa, mwiko ukaondolewa, sasa husalimiana kama watu wengine.

Nilikuwa nageuka nimfuate Mukhwana nilipomwona aliyeketi kwenye kiti cha pili. Kilemba cha zambarau. Soda mkononi. Mama mkwe wangu mimi, wa Ndalu! Amealikwa!

Mimi kondoo sijapeleka. Miaka thelathini na mmoja. Nasike hunikumbusha kila Krismasi, nami humjibu kwamba kondoo wamepanda bei.

Niliruka ndani ya shamba la miwa, mkoba na yote. Mama aliinamisha macho, kama ilivyo heshima. Lakini hakuondoka. Kwa nini aondoke? Alikuwa na kiti.

Chemutai alipofika na wa nyuma akauliza mimi, Mzee Festus, niko wapi. Akina mama, kwa adabu, hawakusema kitu. Walionyesha miwa kwa midomo tu. Yeye akaelewa anavyoelewa mtu wa Kitale. Akachukua kipaza sauti akatangaza kwamba mzee wetu ameharibikiwa na tumbo, tumwombee, na mwenye karatasi ya choo asaidie. Zilirushwa roli tatu. Moja ilinipiga jicho.

Nilijaribu kupenya upande wa pili. Upande wa pili ni mto. Akina mama waliimba, wakala, wakaimba tena. Waliondoka saa saba. Mukhwana alikuwa amemaliza tangu saa nne na dakika kumi.

Mimi ni mtu wa chai.

Jumapili, 18 Januari

Baada ya ibada nilimfuata Mukhwana kumpongeza, kwa kuwa watu walikuwa wakitazama. Akaniuliza tumbo linaendeleaje.

Nikampigia Chemutai. Nilikohoa kidogo. Nikamwambia ugonjwa hauchagui siku, na kwamba haki ni haki. Akasema nitarudia Jumamosi ijayo, njia ileile, mzigo uleule. Nikimaliza, nitapanda mlima. Nikiupiku muda wa Mukhwana, ukapteni ni wangu.

Nilicheza sebuleni! Nasike akaniacha nimalize kucheza ndipo akanieleza kwamba mama yake ameipenda sana Matulo. Atakaa kwa Fridah hadi mwisho wa mwezi. Jumamosi akina mama watatoka tena, na viti.

Nimemwomba Chemutai abadilishe njia. Amekataa, ati niliichora vizuri mno.

Jumatatu, 19 Januari

Nasike amesema jambo ni rahisi: Baba Noah, nunua kondoo, tumpeleke Alhamisi, wazee wakae, Jumamosi utapita ukimpungia mama mkono. Amesema kwa sauti ya mtu aliyengoja miaka thelathini na mmoja.

Nimemwambia nitafikiri. Nimekwenda soko la mifugo kufikiri. Bei zao ni za matusi.

Jumanne, 20 Januari

Nimefikiri, na nimeshinda!

Nani amesema kondoo sharti awe wangu? Sharti ni aonekane. Wazee wamwone, mama amshike sikio, mwiko uondolewe, tusalimiane kwa mkono. Baadaye jioni nitasema amekohoa, nampeleka kwa daktari wa mifugo. Mama mkwe atakuwa ameshalegea kwa furaha.

Nikaenda kwa Mukhwana kumwomba aniazime kondoo kwa siku moja. Ana sita nyuma ya bucha. Nilijiandaa kwa ubishi wa nusu saa. Akakubali kabla sijamaliza sentensi! Akanichagulia mnono kuliko wote.

Sasa naona nilimdhania vibaya. Amekataa katakata nihangaike kumrudisha kondoo. Atakuja mwenyewe kumchukua Alhamisi saa kumi, pale pale kwa Fridah, wazee wakiwa bado wameketi. Kamba pia atakuja nayo.