Ombi la Kumrudisha Sostenes Tinde kwa Matengenezo

Mama mkwe wangu mheshimiwa,

Shikamoo. Huku Kahama tu wazima, ila Blessing anaota jino la tatu na halali, nami silali. Naandika kwa adabu zote kukuomba umpokee mwanao Sostenes umtengeneze, kwa kuwa wewe ndiye uliyemtengeneza mwanzo.

1. Kazi yake unaijua nusu. Ndani ya laptop anaunda kompyuta ya kuigiza, ili mafundi wa mgodini wajaribu programu zao bila kuharibu mashine ya kweli. Humo ndani saa, kibodi na diski vyote vinampigia hodi bwana mmoja, yaani ubongo wa mashine, na yuko bawabu wa kupokea hodi hizo. Bawabu alikuwa na ugonjwa: akisikia hodi anajibu "karibu", kisha anaifuta kabla mgeni hajahudumiwa. Mashine inaganda. Sostenes amehangaika naye wiki tatu, na sasa hodi haifutwi mpaka mgeni ahudumiwe. Wenzake wamempongeza sana.

2. Alhamisi ile uliyokuja na jogoo, nilikuwa nyuma ya nyumba nafua nepi. Ile "karibu mama" uliyoisikia ilitoka kwa mwanao, macho yake yakiwa kwenye kioo cha laptop. Ukasimama juani, ukapiga hodi tena, ukakaribishwa tena. Mara tatu, mama. Ukaondoka na jogoo wako, na sasa Tinde nzima inajua mkamwana wako ana maringo. Hilo ndilo linaloniuma. Jogoo nimeshamsamehe.

3. Blessing akilia, baba yake anaitikia, "Nakuja mwanangu." Mtoto hanyamazishwi kwa taarifa.

4. Nilimuuliza mbona hajitengenezi kama alivyomtengeneza bawabu. Akanijibu bila kugeuka, "Karibu, Mama Blessing."

Kwa hiyo umchukue wiki tatu zilezile. Dawa anaijua: asiitikie akiwa amekaa. Ikishindikana mrudishe hivyohivyo, nampenda.

Nisalimie shangazi Bhoke, majirani wote, na hasa wale waliosikia habari za maringo.

Ni mimi mkamwana wako mtiifu,
Zipora, Mama Blessing

Baada ya sahihi: Nasibu wa bodaboda, niliyemwita aje kuchukua barua hii, alipiga hodi nikiwa kwenye namba tatu. Nikamwitikia "karibu", nikaendelea kuandika. Aliyeinuka kwenda mlangoni ni Sostenes, akakuta vumbi la pikipiki tu. Basi mama, Jumamosi tunakuja wote wawili kutengenezwa, na barua naileta mwenyewe. Nikipiga hodi, tafadhali usiitikie tu. Njoo unifungulie.