Maji Machafu Yasiyo na Karte

"Inatangazwa kwa furaha kwa bantu bote ba kambi ya bakimbizi ya Dzaleka kwamba maji machafu, yaliyokuwa yakitembea ovyo bila uongozi, sasa yamepata Komite!"

Ndivyo alivyosoma Bwana Kayumba, prezida wa Komite, kwa kipaza sauti. Tukapiga makofi mpaka kuku wakakimbia.

Na kazi ilikuwa nzuri kweli. Mabwawa matatu ya kusafishia: la mawe, la mchanga, la matete. Maji yanaingia yakinuka, yanatoka yakimwagilia lengalenga. Ila kila maji lazima yajiandikishe kwanza, maana huwezi kupokea maji usiyojua yametoka wapi. Watu wakapanga mstari na bido zao, madumu yamejaa povu, karte, yaani kadi ya kambi, mkononi, wakahojiwa: "Yalichafuka lini? Mbele ya nani?" Maji ya Mama Kamaliza yalikataliwa. Alisema ni ya sahani, ndani ikaonekana soksi.

Mimi Akilimali nilipewa robine, koki ya mlangoni mwa mabwawa, kufungua na kufunga. Walinichagua sababu nimefiwa na bibi, mke wangu; hakuna wa kunichelewesha nyumbani.

Nyuma ya nyumba yangu kuna shimo la maji machafu. Mvua iliyopita lilimpa bibi yangu Annuarite kipindupindu, siku mbili akaisha. Wakubwa walituma barua ya pole, shimo wakaliacha. Sasa mvua inarudi, na mtoto wangu Nicole wa miaka minne anacheza palepale. Nikachota bido ya kwanza, nikaipeleka kwa Komite.

Kayumba akaangalia karte.

"Muzee, hii iko kwa jina la Annuarite."

"Njo bibi yangu, prezida."

"Si alikufa?"

"Alikufa."

"Marehemu hanawe. Haya maji ni ya nani?"

"Yangu! Mi njo ninanawa!"

"We uko mutu wa pili kwenye karte. Buchafu ya nyumba ni ya mutu wa kwanza. Enda Lilongwe babadilishe jina."

Nilienda Lilongwe mara tatu. Mara ya tatu waliniambia Annuarite aje mwenyewe athibitishe kwamba amekufa.

Nikarudi kwenye robine yangu bila kinyongo. Sheria ni sheria. Nikashika kwa kichwa kifungu cha nne cha sheria za Komite: maji yasiyo na karte yatarudi yalikotoka.

Siku ya ufunguzi akaja Bwana Direkta kutoka Lilongwe, tumbo mbele, viatu vyeupe. Alisema zikomo, yaani asante, mara kumi na moja, akala ugali wa nsima na kuku wake, kisha na kuku wa prezida. Halafu akaomba choo cha biro, ofisi ya Komite. Wageni wengine nao walikuwa wamepita huko.

Tuyo ya biro, bomba la choo hicho, inaishia kwangu, kwenye robine. Nikasikia maji yanakuja. Nikafunga.

Kayumba akafika mbio. "Akilimali! Fungua!"

"Haya maji ni ya nani, prezida?"

"Ya Direkta, we muzee!"

"Direkta iko na karte ya kambi?"

"Karte ya nini? Anakaa Area 49, kule Lilongwe!"

"Basi yarudi Area 49. Kifungu cha nne."

Hayakufika Area 49. Yalifika biro tu. Yalipanda chooni, yakapita chini ya meza ya wageni, yakasalimia kila mtu. Direkta akatoka anarukaruka, viatu mkononi, suruali ameishika kwa kiwiko.

"Mumuulize kwanza!" akapiga kelele Mama Kamaliza. "Yalichafuka lini? Mbele ya nani?"

Direkta akaandika amri palepale, juu ya mgongo wa Kayumba: maji yote yaingie bila karte.

"Na ya marehemu?" nikauliza. Kayumba akatafsiri.

Direkta akaandika: na ya marehemu.

Niliisoma polepole. Shule sikukaa sana, herufi zinanichelewesha. Huko nyuma biro ilikuwa inabubujika.

"Bado muhuri, Bwana Direkta. Bila muhuri haipite."

Muhuri ulikuwa ndani ya biro, droo ya chini kabisa. Aliufuata mwenyewe. Tulimsikia akiutafuta.

Alipopiga muhuri, nikafungua mlango wa mabwawa, robine ya biro nikaiacha imefungwa. Nikachota shimoni, nikamimina kwanza bido za Annuarite, moja moja, kumi na tisa, mpaka shimo likabaki udongo mtupu.

Ya Direkta nikayaambia yapange mstari.